Uwatu kwa mgonjwa wa sukari: tunavyoutumia nyumbani Uyole, Mbeya

Mama yangu ana kisukari cha aina ya pili na anameza vidonge vya kliniki kila siku. Uwatu ni nyongeza tu, hauchukui nafasi ya vidonge. Mwenye aina ya kwanza akiacha insulini kwa ajili ya majani au mizizi, anaweza kufa ndani ya siku chache.

Kabla ya kuanza, mwambie daktari, hasa kama mgonjwa anachoma insulini au anatumia glibenklamidi. Dawa hizo hushusha sukari zenyewe, na uwatu ukiongezeka juu yake sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mjamzito asiutumie.

Nunua punje nzima kwa wauza viungo. Unga hujui umechanganywa na nini. Toa mawe, osha, kisha loweka kijiko kimoja cha chai usiku kucha kwenye nusu kikombe cha maji yaliyochemshwa. Asubuhi utakuta punje zimevimba na maji yanavutika kama mlenda. Usimwage! Ute huo ni nyuzinyuzi, ndizo zinazofanya wanga wa chakula uingie kwenye damu polepole. Ila unaweza pia kuchelewesha dawa, ndiyo maana mama anameza vidonge na chai ya asubuhi, uwatu anakunywa mchana na ugali wake, punje akizitafuna. Ni mchungu, lakini asali usitie. Tumbo likijaa gesi au akiharisha, punguza.

Na sahani iangaliwe: dona kidogo, maharage, mboga nyingi. Uwatu hauwezi kushindana na mlima wa viazi.

Bila kipimo unabahatisha. Pima asubuhi kabla hajala, na saa 2 baada ya mlo. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai, vidole vinakufa ganzi na damu haitoki. Mwoshe mikono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha vizuri, toboa pembeni mwa ncha ya kidole, pasipouma sana. Kunawa ni lazima, maana aliyetoka kumenya ndizi mbivu mashine itasoma sukari ya ndizi.

Mashine ikisoma chini ya 3.9 mmol/L, au akitoka jasho na kutetemeka, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Akizimia usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.

Andika kila namba kwenye daftari na uende nalo kliniki. Hata zikipendeza namna gani, wa kupunguza vidonge ni daktari.