Kumbukumbu za Ukoo Zinapopingana: Mwongozo kwa Watafutao Nasaba Bagamoyo

Kabla ya kumshutumu karani kwa uzembe, chunguza kila kumbukumbu iliandikwa na nani, lini, na kwa kalenda ipi. Jiwe la kaburi lenye mwaka 1310 wa Hijria halipingani na hati inayotaja 1893, kwa kuwa mwaka huo ulianza Julai 1892 ukaisha Julai 1893. Na umri uliohesabiwa kwa Hijria huzidi ule wa Miladia kwa takriban mwaka 1 katika kila miaka 33.

Majina husumbua zaidi. Mtu yuleyule huweza kutajwa kwa jina la baba yake katika hati ya shamba, kwa jina la mwanawe mtaani, na kwa jina la ubatizo katika vitabu vya misheni iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, hivyo linganisha pia mama, mtaa na mashahidi.

Andiko la siku ya tukio lipewe uzito zaidi kuliko cheti kilichotolewa miaka mingi baadaye kwa kiapo, hata kama cheti ndicho chenye muhuri. Wazee waulizwe mmoja mmoja, maana wakikaa pamoja mdogo humwachia mkubwa neno. Utata ukibaki, andika majibu yote mawili, kila moja na chanzo chake.