Somo: Kubana nafasi zilizojirudia kwenye maandishi (Flutter na Dart)

Habari wakuu. Swali hili linarudi kila mara: "Mteja yupo kwenye databesi, nikimtafuta simpati." Naliandikia somo ili nikiulizwa tena nitume linki.

Mtu kaandika "Hassan  Issa" kwa nafasi mbili, wewe unatafuta "Hassan Issa" kwa nafasi moja. Kwa programu hayo ni majina mawili tofauti. Usidanganywe na ukurasa wa admin kwenye wavuti: HTML huzibana nafasi yenyewe, jina likaonekana zuri. Kwenye simu, wijeti ya Text ya Flutter (zana ya kutengenezea apu kwa lugha ya Dart) inaonyesha pengo lote.

1. Ondoa nafasi za mwanzo na mwisho kwa trim(). Kibodi nyingi za simu huongeza nafasi ukigusa neno lililopendekezwa.

2. Bana za katikati. RegExp ni ruwaza ya kutafutia, na \s+ ndani yake maana yake nafasi moja au zaidi zinazofuatana:

final safi = jina.trim().replaceAll(RegExp(r'\s+'), ' ');

3. Iangalie hiyo r kabla ya alama ya kufungua nukuu. Ukiisahau, Dart inaudondosha mkwaju wa '\s' na kubakiza herufi s tupu. Sasa badala ya kubana nafasi unafuta kila s ya mteja wako: "Hassan Issa" anasevuliwa "Ha an I a". Programu haigomi, na ukijaribu kwa "Juma Abdallah" hutaona herufi iliyopotea. Majina yakishaingia hivyo huna pa kuyarudishia, maana "Ha an" haikwambii herufi zilizotoka zilikuwa ngapi. Basi jaribu kwa majina yenye s nyingi, na ujaribu kabla ya kugusa databesi halisi. Wala usikimbilie replaceAll('  ', ' ') ukidhani ni salama zaidi. Inapita mara moja tu: nafasi 4 zinabaki 2, nafasi 5 zinabaki 3.

4. Fanya haya wakati wa kusevu, si ndani ya onChanged (inayoitwa kila maandishi ya kisanduku yanapobadilika). Ukiweka trim() pale na kurudisha maandishi kwenye kisanduku, mtu akimaliza "Hassan" na kubonyeza nafasi, inafutwa papo hapo. Jina la pili litagandana na la kwanza.

5. Nywila usiziguse.

MASWALI YA WADAU

kodi_usiku: Mkuu mbona kwangu haifanyi kazi? Nimeita replaceAll kama ulivyoandika, nikaprint jina, liko vilevile.

Jibu: Matokeo umeyapokea wapi? Maandishi ya Dart hayabadilishwi, yanatengenezwa mapya. Hatua ya 2 inaanza na "final safi =". Print safi.

mdau_kotlin: Huku Kotlin nimeweka replace("\\s+", " "), haibani kitu.

Jibu: replace ya Kotlin ikipewa maandishi inayatafuta yalivyo, herufi kwa herufi. Weka Regex("\\s+"). Waliotoka Java wanakwama hapa, kwa sababu replaceAll ya kule inayasoma kama ruwaza.

kijana_wa_apu: Nitumie kodi kamili inbox.

Jibu: Kodi kamili ni mstari mmoja. Hatua ya 2.

binti_pwani: Mimi natumia Kotlin. Kuna jina limekopiwa kutoka kwenye tovuti. Jaribio kwenye kompyuta linafeli, kwenye simu linapita, na kodi ni ileile. Nimechapa namba za herufi moja moja, pale kwenye nafasi nikaona 160 badala ya 32.

Jibu: Umechunguza vizuri sana, na kila mtu aanzie hapo. 160 ni nafasi isiyokatika, U+00A0, ile ambayo HTML huiandika  . Kwenye Java ya kompyuta, ambayo Kotlin yako inaitegemea, \s ya kawaida haiihesabu. Android inatumia injini nyingine ya ruwaza, ICU, na \s ya huko inaihesabu, ndiyo maana majibu yako yanapingana. Itaje waziwazi ili kote iwe sawa: Regex("[\\s\\u00A0]+"). Dart inaikamata bila kuambiwa. Ukikutana na 8203, hiyo ni U+200B, nafasi isiyo na upana. \s haiioni popote kati ya hapo, iondoe peke yake kwa replace("\u200B", ""). Lakini U+200D iache, emoji za familia zimeunganishwa nayo, zitasambaratika kuwa mtu mmoja mmoja.

mzee_wa_fomu: Kwenye anwani ya mistari mingi je?

Jibu: Swali zuri. \s inameza na mistari mipya, anwani yote inakuwa mstari mmoja. Tumia RegExp(r'[^\S\r\n]+'), inabana nafasi na tabo, mistari inabaki.

binti_pwani: Na data za zamani kwenye SQLite?

Jibu: Chukua nakala kwanza, kisha:

UPDATE wateja SET jina = replace(jina, '  ', ' ') WHERE jina LIKE '%  %';

Rudia mpaka isiguse rekodi yoyote, umalizie na trim(jina). Kama safu ya jina ina UNIQUE (haikubali jina lilelile mara mbili) itagoma pale "Hassan Issa" wa nafasi moja na wa nafasi mbili wote wapo. Usiondoe UNIQUE ili ipite. Linganisha namba zao za simu: wakiwa mtu mmoja, hamishia oda zake kwenye rekodi moja ndipo ufute nyingine.