Kuinyoosha milima iliyoinamia rada

Fungua picha ghafi ya rada ya nchi yenye milima, utaona vilele vyote vimeegemea upande mmoja, kama miti iliyozoea kupigwa na upepo uleule. Vinainamia ilikopita setilaiti. Rada hutazama kwa ubavu na kupima muda wa mwangwi kurudi. Kilele kimeinuka, kwa hiyo mwangwi wake huwahi na picha hukisogeza upande wa setilaiti.

Mimi hutumia picha za Sentinel-1, setilaiti za rada za Ulaya, na SNAP, programu ya kuchakata picha hizo, zote za bure. Kwanza naweka faili la obiti, linaloonyesha setilaiti ilipita wapi hasa. Lile sahihi kabisa hutoka baada ya siku 20 hivi. Ukiwa na haraka, la awali linatosha. Kisha naondoa kelele za mtambo, halafu nasawazisha vipimo vya mwangwi, na hapa nachagua beta sufuri (mng'ao kama rada ilivyouona), si sigma (uliokwisha kugeuzwa kana kwamba ardhi ni tambarare).

Sababu niliijua kwa aibu. Zamani niliruka hatua ya kusawazisha mng'ao wa miteremko, inayodai beta. Picha ilikaa vizuri kwenye ramani, nami nikaandika kwamba miteremko ya magharibi ina msitu mnene zaidi. Nilipoleta picha ya setilaiti ikishuka kusini, msitu "ukahamia" mashariki! Kumbe mteremko unaotazamana na rada hubana ardhi kubwa ndani ya pikseli moja, ndiyo maana unang'aa. Tangu siku hiyo siiruki.

Ndipo nasahihisha mahali, kwa modeli ya miinuko. SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, inafaa sehemu nyingi, ila kaskazini inaishia nyuzi 60. Zaidi ya hapo natumia ile ya Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuitazama dunia, yenye pikseli za mita 30. Ukileta modeli yako mwenyewe, hakikisha programu inajua kama urefu umehesabiwa kutoka usawa wa bahari au kutoka umbo la kihesabu la dunia. Rada ikiangaza kwa pembe ya nyuzi 45 kutoka wima, kosa la mita moja ya urefu husogeza nukta mita moja ardhini; kwa nyuzi 30, karibu mita 1.7.

Kuna yasiyonyooshwa. Mteremko unaotazama rada ukiwa mkali kuliko pembe hiyo, kilele hulalia bonde na miangwi yao huchanganyika. Hakuna hesabu ya kuitenganisha kwa picha hiyo moja. Nyuma ya mlima mkali napo kuna kivuli, hakuna mwangwi wowote, ni kelele tu. SNAP itazijaza sehemu hizo namba zinazoonekana za kweli. Tengeneza barakoa, yaani ramani ya pikseli za kuficha, ya kilalio na kivuli, uzifute.

Baadaye naunganisha picha ya kupanda (setilaiti ikielekea kaskazini) na ya kushuka (ikielekea kusini). Pikseli iliyofunikwa huku mara nyingi huonekana kule. Isiyoonekana kokote naiacha tupu.