Kuwafundisha Wanafunzi Kuchambua Mbinu za Ushawishi katika Hotuba na Fasihi

Mwanafunzi anayeandika kwamba mhutubu ametumia takriri (marudio ya maneno), maswali ya balagha (yasiyosubiri jibu) na sitiari (kukiita kitu kwa jina la kingine ili kuvilinganisha) bado hajachambua, ameorodhesha tu. Uchambuzi huanza anapoeleza mbinu hiyo iliifanyia nini hadhira ile, wakati ule, na kwa nini mbinu nyingine isingefaa. Kwa hiyo ninashauri istilahi zisubiri kidogo, na somo la kwanza lihusu mazingira ya hotuba: nani anasema, anasema na nani, wasikilizaji waliamini nini kabla hajafungua kinywa, na ni jambo gani haruhusiwi kulitamka.

Matini inayofaa sana kwa kazi hii ni onyesho la pili la tendo la tatu katika Julius Caesar ya Shakespeare, tamthilia ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili. Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, mtawala wa Roma, na Antony, rafiki wa Caesar, wanauhutubia umati uleule kuhusu kifo hicho, kila mmoja akiwa na lengo lake. Hotuba zote mbili zisomwe kwa sauti, kwani takriri husikika kabla haijaonekana, kisha wanafunzi waonyeshe mstari ambapo umati unaanza kugeuka. Jibu la jumla lisikubaliwe. Wautaje mstari wenyewe na kuutetea.

Wataona kwamba Brutus anatumia nathari (lugha isiyo ya kishairi) yenye sentensi zilizopangwa kwa ulinganifu na anauliza maswali yasiyoacha nafasi ya kupingwa. Antony, aliyeruhusiwa kusema kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji, anakiri mara kwa mara kuwa Brutus ni mtu mwenye heshima. Lakini kwa kuwa mara nyingi anataja kwanza jambo jema alilolitenda Caesar, sifa ileile inazidi kugeuka shutuma. Hapo mwanafunzi huelewa kinaya, yaani kusema kinyume cha unachokusudia, kuliko kwa fasili yoyote ya ubaoni. Kisha unakuja wasia wa Caesar: Antony anautaja, anakataa kuusoma, umati unamsihi, naye kwanza anawaonyesha vazi la Caesar lililotobolewa na majambia. Waulize: angeusoma mara moja, nini kingepotea?

Swali la namna hiyo lina nguvu kuliko yote ninayoyajua, na linafaa kwa matini yoyote: ondoa mbinu, kisha soma tena. Katika hotuba ya Martin Luther King ya tarehe 28 Agosti 1963 mjini Washington, waambie wanafunzi wafute marudio ya maneno kuhusu ndoto yake na kuyabana matumaini yote katika sentensi moja. Taarifa itabaki karibu yote, lakini picha zilizokuwa zikifunguka moja baada ya nyingine, kama ile ya watoto wake kupimwa kwa tabia na si kwa rangi ya ngozi, zitakosa nafasi ya kupumua.

Sasa ndipo ulete mgawanyo wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, wa njia za ushawishi: sifa za msemaji, hisia za hadhira na mantiki ya hoja. Nelson Mandela, akijitetea mahakamani tarehe 20 Aprili 1964, alianza kwa kutaja shahada yake na kazi yake ya uwakili; wanafunzi wengi hupita maneno hayo wakiyadhani ni utangulizi tu, ilhali yanajenga msemaji ambaye baadaye anaweza kusema yuko tayari kufa kwa ajili ya imani yake, akasadikiwa.

Katika fasihi kuna tabaka la pili ambalo lazima lifundishwe waziwazi: mhusika anamshawishi mhusika mwenzake, na mwandishi anamwonyesha msomaji ushawishi huo ukifanya kazi. Muda mfupi baada ya hotuba ya Antony, umati unamvamia mshairi Cinna kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa waliokula njama. Mwanafunzi anayeisifu hotuba bila kulitazama tukio hilo amesoma nusu ya kazi.

Wanapoandika, kata kila mahali wanaposema mbinu imetumika “ili kumvutia msomaji”, na uandike pembeni: msomaji yupi, avutwe kuelekea wapi? Aya nzuri hunukuu maneno machache, huyafafanua kwa kirefu, na hueleza kwa nini yamewekwa pale na si kabla. Zoezi la mwisho liwe kumwandikia Brutus jibu kwa Antony, na kando ya kila sentensi mwanafunzi aeleze imani gani ya umati anajaribu kuibadilisha.