Linganisha mada, usilinganishe darasa
Kwa mnaofundisha watoto nyumbani na mmekwama kati ya vitabu viwili vya hisabati: chagueni mada moja inayomsumbua mtoto, mfano kujumlisha sehemu zenye asili tofauti (1/2 + 1/3), kisha fungueni mada hiyo hiyo katika kila kitabu. Wachapishaji wengi huweka kurasa kadhaa mtandaoni bure. Mpe mtoto asome mwenyewe, wewe nyamaza. Ukiona anarudi juu kutazama mfano kisha anaendelea, kitabu kinafundisha. Akikugeukia kila mstari, mwalimu ni wewe, kitabu ni mazoezi tu. Darasa lililoandikwa kwenye jalada halisaidii sana. Math-U-See, kwa mfano, ni mfululizo wa vitabu vya hisabati unaotumia herufi za Kigiriki badala ya madarasa, na somo la sehemu liko kwenye kitabu cha Epsilon. Saxon, mfululizo mwingine wa hisabati, hutawanya mada kidogo kidogo mwaka mzima, na hapo ndipo mbinu hii hudanganya: ukurasa mmoja utaonekana mwepesi mno, kwa hiyo ifuatilie mada kwenye masomo kadhaa kabla ya kuamua. Kwa mtoto ambaye bado hajaweza kusoma peke yake, usihangaike na mbinu hii.