Kuvisha chembe za dhahabu kingamwili: hatua kwa hatua kutoka Bukavu

Hapa Bukavu dhahabu hupimwa kwa gramu, lakini kazi hii inataka miligramu 10 tu za kloridi ya dhahabu safi ya maabara, kwa kuwa dhahabu ya sokoni huwa na fedha na shaba ndani yake. Tunatafuta chembe zilizovishwa kingamwili, yaani protini inayotambua na kushika alama moja tu, ili zishike seli zenye alama hiyo, kama HER2, kipokezi cha protini kinachojaa juu ya seli za baadhi ya saratani za matiti, na kuziacha seli zisizo nacho.

Hatua ya kwanza ni vyombo. Vioo visafishwe kwa asidi na kusuuzwa kwa maji yaliyotoneshwa. Nilipokuwa najifunza nilisuuza chupa kwa maji ya bomba, na mchanganyiko wote ukawa buluu, kwani madini hufuta chaji hasi inayozifanya chembe zisukumane, nazo zikagandamana.

Hatua ya pili, chemsha mililita 100 za maji yenye kloridi hiyo. Kwenye mwinuko wetu wa mita 1,500 hivi maji huchemka karibu na nyuzi 95, nazo zinatosha. Ukikoroga bila kukoma, mimina kwa mkupuo mmoja mililita 2 za sitrati ya sodiamu ya asilimia 1. Rangi ya manjano itapotea, itafuata giza la buluu, kisha wekundu wa divai. Chembe zitakuwa na upana wa nanomita 16 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Mtafiti Frens alionyesha mwaka 1973 kwamba sitrati ikipungua chembe huwa kubwa zaidi.

Hatua ya tatu ndiyo inayoamua kila kitu, na naomba usiiruke hata kama kingamwili ni ghali. Kwa kabonati ya potasiamu, pandisha pH hadi 8.5 au 9, ukiipima kwa karatasi, maana dhahabu huziba elektrodi ya kipima pH. Gawa mililita moja moja katika vijaribio, ongeza kingamwili kutoka sifuri hadi mikrogramu 20, ngoja dakika 10, kisha tia mikrolita 100 za maji ya chumvi ya mezani ya asilimia 10. Palipo na kingamwili kidogo chembe hugandamana na rangi huwa buluu. Palipotosha hubaki nyekundu. Chukua kiasi kidogo kabisa kilichobaki chekundu, ukiongeze sehemu moja ya kumi.

Hatua ya nne, visha chembe zako zote kwa kiasi hicho, ziba nafasi zilizobaki kwa albumini (protini ya damu) ya ng'ombe ya asilimia 1, zungusha kwenye sentrifuji ili kuondoa kingamwili iliyoelea, na uhifadhi kwa nyuzi 4 bila kugandisha.

Hatua ya tano, jaribu kwenye seli za maabara. Seli za SK-BR-3, aina ya seli za saratani ya matiti zenye HER2 nyingi, zipate chembe. Seli zenye HER2 chache zipate kiasi kilekile. Kundi la tatu, la SK-BR-3 tena, lipate kwanza kingamwili tupu, isiyo na dhahabu, kwa wingi, ili vipokezi vijae kabla chembe hazijafika. Na la nne lipate chembe zilizovishwa kingamwili isiyohusika na HER2. Dhahabu ikionekana sawasawa katika makundi yote, basi imenata tu, haikulenga. Na hata jaribio likifaulu, chembe hizi hazidungwi mtu: katika damu protini huzifunika upesi, na ini na bandama huzinasa nyingi kabla hazijafika kwenye uvimbe.