Somo: Kasuku karudi kutoka kulelewa ana kipara na jeraha, uanzie wapi?

Mwezi uliopita nilipanda treni kwenda msibani Tabora, nikamwacha Bahati, kasuku wangu wa kijivu, kwa mtu anayelea ndege kwa malipo hapa hapa Kigoma mjini. Siku kumi tu. Niliporudi nilimkuta kifua wazi, ngozi ina vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa, manyoya mawili ya mkia hayapo, na chini ya bawa la kushoto damu imeganda. Nikaambiwa "ananyonyoka tu, kawaida yao." Nilikaa naye sakafuni nikalia. Kisha nikanawa mikono. Nilichofanya ni hiki, kwa mpangilio ule ule.

Hatua ya 1: Damu kwanza
Unyoya unaoota una damu ndani ya shina lake, na shina hilo huonekana jeusi-zambarau badala ya jeupe. Ukivunjika, damu hutiririka. Msidharau matone: kasuku wa gramu 450 ana damu mililita 45 hivi mwili mzima, ndiyo vijiko vitatu vya chakula. Bonyeza kwa kitambaa safi dakika 3 hadi 5 bila kuchunguliachungulia. Unga laini wa wanga husaidia damu kuganda kwenye shina lililovunjika, ila usiutie ndani ya kidonda.

Mfunge kwa taulo, lakini kifua usikibane. Ndege hana kiwambo cha kupumulia chini ya mapafu kama chetu. Hupumua kwa kuinua na kushusha kidari. Ukimbana pale atakufa mkononi mwako, wewe ukidhani ametulia.

Hatua ya 2: Joto na kimya
Funika tundu pande tatu. Weka chupa ya maji moto iliyozungushiwa kanga, nje ya tundu na upande mmoja tu, ili akizidiwa na joto asogee. Jiko la mkaa likae mbali kabisa, moshi unamuumiza.

Hatua ya 3: Yasome manyoya
Hapa ndipo wengi wetu tunaruka, tunakimbilia dawa. Mimi nilirudi kwa yule mlezi nikaomba hata takataka alizofagia chini ya tundu, nikazimwaga juu ya gazeti barazani.

Tazama kichwa kwanza. Kasuku hawezi kujinyonyoa kichwani, mdomo haufiki. Kichwa kikiwa na kipara, shuku ndege mwenzake au ugonjwa. Kichwa kikiwa kizima huku kifua na mapaja yako wazi, yaelekea amejinyonyoa mwenyewe. Kichwa cha Bahati kilikuwa kizima, na manyoya ya kifua niliyookota yalikuwa yametafunwa ncha, yamechambuka kama mswaki wa mti.

Yale mawili ya mkia yalikuwa tofauti. Mazima, mekundu, shina jeupe safi mpaka chini. Hayo hayakutafunwa wala kuvunjika: kasuku akishikwa ghafla au akikurupuka usiku huyaachia. Nikarudi kwenye lile jeraha la bawani, nikapangusa damu iliyoganda, nikaona vitundu viwili vimekaa jirani. Paka. Nilipomuuliza mlezi kama ana paka, alikaa kimya. Kwa hiyo nadhani hofu ilianza, kujinyonyoa kukafuata.

Hatua ya 4: Osha, umpeleke
Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko cha chai cha chumvi, yapoe, ndiyo uoshe. Spiriti usitumie. Na kama ni paka, usingoje kesho hata kidonda kiwe kama tundu la sindano: bakteria wa mate ya paka huweza kumuua ndege kwa siku moja au mbili. Anahitaji antibayotiki za daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mpime kwa mizani ya gramu kabla ya kwenda, maana dozi hufuata uzito. Dawa ya unga ya kuku usimkadirie mwenyewe.

Baada ya hapo mpime kila asubuhi kabla hajala. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mrudishe kwa daktari.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Ujiji: Shikamoo mama. Sisi kidonda cha kuku tunapaka mawese. Kwa kasuku je?
Jibu: Marahaba mwanangu. Usipake. Mafuta yanagandisha manyoya, anakosa joto, tena atajilamba na kujitafuna zaidi. Ila tunda lenyewe la mchikichi mpe ale. Ndicho chakula chake porini, lina vitamini A ambayo alizeti haimpi, nasi Kigoma tunalo tele.

Mwanachama, Kasulu: Manyoya yataota lini, dada?
Jibu: Yaliyong'oka na shina lake huanza kuchomoza baada ya wiki chache. Yaliyovunjika hungoja mpaka ayapukutishe mwenyewe, kwa hiyo usiyang'oe. Akiendelea kujinyonyoa kwa muda mrefu, vishina vilivyo ndani ya ngozi hufa na kipara hubaki. Bahati sasa ana miba midogo ya kijivu kifuani, naihesabu kila asubuhi.

Mwanachama, Tabora: Nitajuaje si ugonjwa wa virusi?
Jibu: Ule mara nyingi huja polepole. Manyoya mapya huota yamepinda au yamebanwa shinani, na unga mweupe wa mwilini hupungua mpaka mdomo unang'aa. Ukiona hivyo, mtenge na ndege wengine.

Mwanachama, Ujiji: Mwanangu anakohoa tangu tumpokee kasuku wetu.
Jibu: Mpeleke hospitali leo, na umwambie daktari kuwa mnafuga kasuku, kwa sababu kuna bakteria wa kasuku wanaoshambulia mapafu ya watu. Kinyesi kikavu kilowanishe kabla ya kufagia, na ufunge barakoa.

Mwanachama, Kibirizi: Nimeahidiwa kinda la kijivu kutoka ng'ambo ya ziwa, bei nzuri.
Jibu: Kaka yangu, usilipe. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na hapa nchini kumfuga kunahitaji kibali. Bahati ana chake. Nenda kwanza ofisi ya wanyamapori uwaulize.